Rispa hakutoka kwa mwamba

Bwana asifiwe wapendwa. Somo letu wiki hii ni 2 Samweli 21:1-14. Kabla hujasoma haya yangu naomba ufungue Biblia usome mistari yote kumi na nne, ni hadithi ngumu na huwa tunairuka.

Rispa. Huku kwetu hilo jina limejaa, kila mtu ana shangazi anaitwa Rispa ama jirani Mama Rispa, lakini wiki hii nimeulizauliza na wengi hawajui Rispa wa Biblia alifanya nini. Nchi ilikua na njaa miaka mitatu, Daudi akamuuliza Bwana, akaambiwa ni juu ya damu, Sauli aliwaua Wagibeoni na Israeli walikua wamekula kiapo nao wasiwaue. Sauli mwenyewe ashakufa. Wagibeoni wakasema hatutaki fedha wala dhahabu, tupeni watu saba wa nyumba yake. Daudi akawatoa. Wawili walikua watoto wa Rispa suria wa Sauli, watano walikua wajukuu wa Sauli, wote saba wakauawa siku moja wakaachwa mlimani, shayiri ndio imeanza kuvunwa. Yaani vita alipiga mfalme na deni likalipwa na watoto wa mama mwenye hakuulizwa kitu.

Alafu Rispa akachukua gunia akatandika juu ya mwamba akakaa. Mchana anafukuza ndege wasiguse ile miili, usiku anafukuza wanyama, na alikaa hapo tangu mavuno mpaka mvua ikanyesha, kuna wenye wanahesabu hiyo ni miezi kama mitano ama sita. Hebu fikiria harufu. Fikiria watu wakipita chini wakienda shambani wanamuona, siku ya kwanza wanamwonea huruma, wiki ya tatu wanasema ameenda wazimu. Biblia haijaandika neno hata moja lenye alisema.

Sisi wa barabara ya Kisumu kwenda Kakamega tunalijua lile jiwe la Ilesi, lile kubwa limesimama kama mtu ameinama na maji yanateremka usoni, wazee wanasema jiwe linalia. Nimepita hapo miaka mingi kwa matatu nikiangalia simu. Alhamisi nilipita nikaliangalia vizuri na nikamuona Rispa.

Sasa niseme kwa nini nimeleta hili somo. Jumapili iliyopita baada ya ibada akina mama na vijana wetu wachache walisimama wakaomba kanisa liwaruhusu waende kukaa kimya mjini, wakiwa na dada zetu Waislamu na majirani wetu Wakongomani, kwa ajili ya vita vya mashariki ya Kongo. Kukaa tu, na nguo nyeupe, saa moja, bila spika. Na kuna mzee wetu mmoja akakataa. Huyu mzee namheshimu sana, ndiye alinifundisha kuomba, na hakukataa kwa ubaya. Alisema, "Wanangu, kazi ya kanisa ni magoti. Barabara ni ya wanasiasa." Na kila mtu mle ndani alielewa anaogopa nini. Ukisema maandamano Kisumu mtu anaona mtaa wa Kondele, anaona moshi, anasikia gesi kwa koo, anakumbuka maandamano ya Juni 2024 na mama zenye watoto wao hawakurudi nyumbani. Hiyo hofu si ya kuchekwa, mimi mwenyewe ninayo.

Lakini mzee wangu, turudi mstari wa 14, hapo ndipo mimi nimekaa wiki nzima. Daudi alisikia habari za Rispa. Ndio akaamka, akaenda kuchukua mifupa ya Sauli na Yonathani kule Yabesh-gileadi, akakusanya na mifupa ya wale saba, ikazikwa kwa heshima kwa kaburi la Kishi baba yake Sauli. Na neno linasema baada ya hayo Mungu akayasikia maombi kwa ajili ya nchi. Baada ya hayo! Miaka mitatu nchi inaomba, mfalme mwenyewe alikua ameutafuta uso wa Bwana, watu saba wameshatolewa, na bado. Maombi ya nchi yalijibiwa baada ya mfalme kulazimika kumuona mama mmoja amekaa juu ya mwamba na gunia. Kwa hivo ukiniambia tuchague magoti ama barabara nakuuliza, Rispa alikua anafanya gani? Mimi naona hiyo ilikua ibada moja ndefu.

Na kitu chenye alifanya sisi watu wa huku tunakijua kuliko mtu yeyote, ni matanga. Mtu akifiwa hatutumi salamu tukakaa kwetu, tunaenda, tunakaa, moto unawashwa nje tunakesha nao, siku tatu, siku nne, wiki, ata kama hujui cha kusema unabebwa na kule kukaa tu, na mwenye hakufika matanga atakumbukwa. Hakuna mtu huuliza matanga ni siasa ama ni dini. Sasa Goma ilipoingiwa na waasi wa M23 mwisho wa Januari 2025 na Bukavu ikafuata Februari, si huo ulikua msiba? Pale soko la Kibuye kuna mama wa Bukavu mwenye huniuzia vitenge, ameniambia tangu hiyo Februari kuna watu wa kwao hajui kama wako hai, na anakuja sokoni kila siku anapanga vitambaa anatabasamu na wateja. Tumemfanyia matanga gani? Hii maandamano yenye vijana wanaomba mimi naielewa hivo, ni matanga yenye yamehamishwa kutoka boma yakawekwa njiani, mahali mwenye nguvu lazima apite.

Mahali mwenye nguvu lazima apite. Hilo ndilo akina mama wa Liberia walielewa na nataka nikae hapa kidogo.

Liberia walikua vitani tangu 1989, ikatulia kidogo, ikaanza tena 1999. Kanisa la Kilutheri la Mtakatifu Petro pale Monrovia, Julai 1990 wanajeshi waliingia usiku wakaua watu kama mia sita wenye walikua wamekimbilia ndani. Ndani ya kanisa, wapendwa. Na ni kwa hilo kanisa hilohilo miaka baadaye mama mmoja anaitwa Leymah Gbowee, mama wa watoto, akasema aliota anaambiwa awakusanye wanawake wa kanisa waombe kwa ajili ya amani. Wakaanza kwa maombi. Alafu mama Muislamu mwenye alikua polisi, Asatu Bah Kenneth, akasimama kwa mkutano wao akasema na sisi Waislamu tunaingia, na kukawa na minong'ono maana kuna Wakristo hawakutaka, lakini wakaungana, walikua wanasema risasi haichagui huyu Mkristo huyu Muislamu. Ijumaa wanaenda misikitini, Jumamosi sokoni, Jumapili makanisani, wanawaambia akina mama wenzao tumechoka.

Aprili 2003 wakavaa tishati nyeupe na vitambaa vyeupe kichwani, wakaacha herini na rangi za mdomo nyumbani, wakaenda kukaa kwa uwanja kando ya soko la samaki, juu msafara wa rais Charles Taylor ulikua unapita barabara hiyo. Jua wako hapo. Mvua wako hapo. Mpaka tarehe 23 Aprili Taylor akakubali kuwaona. Mazungumzo ya amani yakaanza Accra mwezi wa sita, wakawafuata ata huko, na Julai mabomu yakianguka Monrovia na wale wakubwa wamelala hotelini wanabishana nani atapewa wizara gani, akina mama wakaenda wakakaa chini kwa mlango wa ukumbi wameshikana mikono, wakasema hakuna kutoka. Askari wakaja kumshika Leymah. Akaanza kuvua nguo.

Sihitaji kuwaelezea watu wa huku hiyo maana yake nini, mama wa kukuzaa akivua nguo mbele yako, ni laana. Jenerali Abdulsalami Abubakar mwenye alikua msuluhishi akatoka kuongea nao. Taylor aliacha kiti tarehe 11 Agosti, mkataba ukatiwa sahihi tarehe 18. Siwezi sema ni wao peke yao, waasi walikua wameshafika Monrovia na nchi jirani zilikua zinasukuma pia, lakini kwa mlango walikua ni wao. Na sisi Kenya tulikua na zetu 1992, wale mama wenye watoto wao walikua wamefungwa kisiasa, na Wangari Maathai, pale Freedom Corner, Nairobi, polisi wakaja na rungu na gesi na mama wazee wakavua. Walipofukuzwa pale walikimbilia wapi? Kanisani, All Saints. Wakakaa kama mwaka mzima, na watoto wakaachiliwa. Mzee wangu, kanisa lilikua mwamba wao.

Nyinyi wenye mnasema vita vya Kongo viko mbali mnajua Kongo wenyewe hawajanyamaza, tarehe 4 Desemba 2022 maaskofu Wakatoliki waliita waumini, na watu wakatoka misa wakaingia barabarani na rozari mikononi, miji mingi. Wanaongea Kiswahili kama sisi. Hatuwezi sema hatukusikia.

Mimi Januari 2008, wakati wa vurugu za baada ya uchaguzi, nilikua Nakuru, tulilala uwanja wa shoo na watoto wawili na blanketi moja. Maombi yalikua mengi siku hizo, redio zote, makanisa yote, na nashukuru kwa kila goti lenye lilipigwa. Lakini chenye sijasahau ni mama watatu wa ile kabila ingine, ile tulikua tunaambiwa ndio adui, walikuja asubuhi moja wakakaa chini na sisi kwa nyasi. Hawakuleta unga wala sabuni, na kwa kweli njaa ilituuma. Walikaa mpaka saa kumi. Mmoja alimshika mtoto wangu mdogo akalala kwa mapaja yake. Walikua wanajua wakirudi kwao wataulizwa walikua wapi, na walirudi tena kesho yake. Zaidi ya watu 1,100 walikufa miezi hiyo na mimi sikuokolewa na hao mama, niliokolewa na Mungu na mkataba wenye ulikuja Februari, lakini nilitoka pale sijajifunza kuchukia na najua ni kwa nini.

Kwa hivo Jumamosi tunaenda. Mzee tumeongea naye Jumatano jioni, hajakubali kutembea na sisi lakini amesema atafungua kanisa saa mbili tuombe hapo kwanza, na atabaki ndani akiomba mpaka turudi, nilimshukuru mpaka nikalia. Barua kwa polisi imepelekwa Jumanne, sheria inataka siku tatu kabla na isizidi kumi na nne, na ni kuwajulisha tu, haki yenyewe iko kwa Katiba kifungu cha 37 bora uende kwa amani na mikono mitupu. Kwa hivo usije na rungu, usije na jiwe, usije na bendera ya chama. Mtu akitutukana hatujibu. Gesi ikija tunashika wazee mkono tunarudi kanisani pamoja, hakuna mtu anakimbia akiacha mwingine, vijana mmenisikia.

Nguo nyeupe, kama huna leso nyeupe ata shuka iko sawa. Kila mtu na kigoda chake ama gunia la kukalia. Dada zetu wa msikitini watatungoja njiani. Mama wa vitenge aliniuliza jana kama anaweza kuleta majina ya watu wake yasomwe, ameyaandika kwa daftari la mtoto, ukurasa mmoja na nusu. Nimemwambia alete yote, tutasoma polepole. Mwenye ako na sauti nzuri ya kusoma anitafute kabla ya Jumamosi.