Biskuti za Mdalasini kwa Samli Kidogo

Wengi wanaotaka kupika biskuti nyepesi huanza kwa kupunguza sukari, ilhali mzigo mkubwa umo kwenye samli. Gramu moja ya sukari ina takriban kalori 4, na gramu moja ya samli inakaribia 9, kwa hiyo anayetafuta wepesi wa kweli hana budi kuliangalia kopo la samli kwanza. Nankhatai zetu za pwani, kwa mfano, husimama kwa samli, na ndiyo maana humumunyika mdomoni hata kabla hazijatafunwa vizuri. Hata hivyo, kuiondoa samli yote ni kuharibu kazi, kwa kuwa mafuta huuzuia unga usishikamane ukawa mgumu, na tena harufu ya mdalasini hukolea katika mafuta kuliko katika maji.

Katika gramu 200 za unga, ambazo zingeweza kumeza gramu 120 za samli na sukari kiasi hicho hicho, mimi hutumia gramu 70 za samli, gramu 30 za sukari na gramu 80 za tende zilizotolewa kokwa. Nusu ya unga huo huwa ni wa atta, yaani wa ngano isiyokobolewa. Tende nazo zina sukari nyingi, tusidanganyane, lakini huja na nyuzinyuzi na unyevu, na unyevu huo ndio unaoziba pengo la samli iliyopunguzwa. Kwa hesabu ya samli peke yake, sinia zima hupungukiwa na zaidi ya kalori 400.

Mdalasini wenyewe unahitaji kuchaguliwa kwa makini. Ule unaolimwa Zanzibar, ambao ni wa jamii moja na ule wa Sri Lanka, una gome jembamba lililojikunja tabaka ndani ya tabaka, nawe unaweza kulivunja kwa vidole. Kasia, aina nyingine ya mdalasini ambayo hulimwa sana China, Indonesia na Vietnam, ina gome nene na gumu, ladha yake ni kali, na ina kumarini nyingi zaidi, kemikali inayoweza kudhuru ini ikiliwa kwa wingi na kwa muda mrefu. Kwa biskuti za mara moja moja hilo si la kutisha. Ninachoupendea ule mwembamba ni utamu wake wa asili, unaoufanya ulimi udhani kwamba sukari ni nyingi kuliko ilivyo.

Twanga vijiti katika kinu, chekecha, kisha pima vijiko viwili vya chai. Yeyusha samli kwa moto mdogo, iepue, na papo hapo utie mdalasini ukoroge. Baada ya muda mfupi samli hugeuka rangi ya udongo mwekundu na harufu huenea jikoni. Hatua hii ndiyo inayoziwezesha gramu 70 kufanya kazi ya gramu 120, na sioni sababu ya kuiruka.

Tende zilowekwe katika maji ya moto kidogo, zichujwe, zipondwe hadi ziwe laini, kisha zichanganywe na samli iliyopoa, sukari na vijiko viwili vya chakula vya mtindi mzito. Unga, chumvi kidogo na nusu kijiko cha chai cha bekingi pauda huingia mwisho. Changanya kwa ncha za vidole hadi donge lishikane, halafu uache, kwa maana ukilikanda kama la chapati utapata biskuti za kuvunjia meno. Fanya madonge madogo na uyabonyeze yawe bapa, kwani sukari ikiwa kidogo biskuti hazitanuki zenyewe ndani ya oveni. Juu yake nyunyiza sukari chache iliyochanganywa na mdalasini, kwa sababu sukari iliyo juu hugusa ulimi kabla ya ile iliyofichwa ndani.

Oka kwa nyuzi 170 za Selsiasi kwa muda wa dakika 15 hivi. Anayetumia jiko la mkaa aweke makaa mengi juu ya mfuniko na machache chini, maana tende huungua upesi. Zikitoka huwa bado laini, hivyo ziache kwenye sinia mpaka zipoe. Unyevu wa tende na mtindi huzilainisha zikikaa koponi. Zikianza kulegea, zirudishe kwenye oveni kwa dakika tano.