Barua ya msamaha ndiyo iliyotaka kumfukuzisha mtoto wetu shule

Mtoto akisimamishwa masomo kwa sababu ya maneno ya siasa, watu kumi watakwambia neno moja: omba msamaha, yaishe. Niliambiwa hivyo na mwenyekiti wa wazazi, na mwalimu mstaafu wa kijijini kwetu, na hata na mama mkwe. Nikafuata. Ushauri huo ulikaribia kumtoa mtoto wa kaka yangu shuleni kabisa, na bado nina hasira nao.

Ilikuwa Februari 2025. Alikuwa kidato cha tatu, shule ya bweni ya wasichana hapa Kenya, na mimi shangazi yake ndiye mlezi aliyeandikwa kwenye fomu ya kujiunga. Mada ya mdahalo ilihusu hazina ya maendeleo ya maeneo bunge, ile ambayo Mahakama Kuu ilisema Septemba 2024 kwamba sheria yake inakiuka Katiba na ikaipa hadi 30 Juni 2026 kufungwa. Akasema basi la shule lilinunuliwa kwa pesa za hazina hiyo, ni pesa za umma, kwa hiyo jina la mbunge lifutwe ubavuni mwa basi. Wenzake walimzomea, kwa maana basi lile linapendwa na mbunge anapendwa zaidi. Jumatatu yake akatolewa na sanduku na barua ya mistari minne: "utovu wa nidhamu na uchochezi", mzazi afike shuleni.

Nieleze kwa nini shule hupenda neno uchochezi. Mabweni yamechomwa nchini kwetu, 2016 hasa, na tangu hapo walimu wakuu wana haki ya kuogopa mwanafunzi anayewakusanya wenzake. Shida ni kwamba neno lenyewe limekuwa kikapu cha kila kitu. Ukiliacha lisimame bila kuulizwa maana, linabeba adhabu ya aliyepanga mgomo hata kama mtoto alizungumza dakika tatu tu kwenye mdahalo ulioandaliwa na mwalimu.

Sasa hiyo barua ya msamaha. Nilifika na mtoto, naibu wa mwalimu mkuu akatupokea vizuri, akampa karatasi ya fulskepu na kalamu, akamwambia aandike kwa mkono wake mwenyewe. Kisha akawa anamtajia maneno polepole, kama imla: "Mimi nakiri kwamba nilichochea wanafunzi wenzangu dhidi ya utawala wa shule na viongozi, na niko tayari kupokea adhabu yoyote itakayoamuliwa." Mtoto akanitazama. Nikamwambia andika, mwanangu, tumalize twende. Nikatia sahihi chini kama shahidi. Tukaambiwa tusubiri nyumbani siku chache. Zilipita siku kumi na moja, kisha ikaja barua ya bodi ya usimamizi: kwa kuwa mwanafunzi amekiri uchochezi kwa maandishi mbele ya mlezi wake, kamati ya nidhamu inakaa kupendekeza afukuzwe. Yaani karatasi niliyoidhani ni ya kufunga kesi ndiyo iliyokuwa ushahidi pekee. Hapakuwa na taarifa ya mwalimu wa mdahalo wala ya mwanafunzi mwingine yeyote.

Kosa liko kwenye kitenzi kimoja. "Nilisema" ni tendo. "Nilichochea" ni hukumu, na mtu akishajihukumu kamati haina kazi tena. Mtoto wako anaweza kuomba radhi kwa sauti aliyotumia, au kwa kumtaja mtu kwa jina, bila kuandika jina la kosa. Na asiandike chochote akiwa ofisini. Karatasi iende nyumbani, ilale, irudi kesho.

Kuibatilisha tuliandika barua nyingine wiki ileile, ukurasa mmoja. Aya ya kwanza ilitaja tarehe, chumba, na kwamba maneno ya karatasi ya kwanza yalitamkwa na ofisa wa shule, si ya mtoto. Ya pili ikataja anachokubali: alizungumza kwenye mdahalo siku fulani, akasema maneno haya, tukayanukuu yote. Ya tatu ikataja anachokataa, yaani kumwambia mtu yeyote asiingie darasani, asile, au aharibu kitu. Hizi aya tatu zisichanganywe. Ukianza kueleza jinsi ulivyolia njiani, mwanabodi ataacha kusoma hapo.

Chini yake tukaomba mambo matatu: nambari ya kanuni ya shule iliyovunjwa, maandishi yote ambayo kamati itayatumia, na taarifa ya mapema ya siku ya kusikilizwa. Haya si maombi ya huruma. Kifungu cha 47 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya uamuzi wa kiutawala ulio wa haki, na kifungu cha 4 cha sheria ya 2015 iliyotungwa kukitekeleza kinataja taarifa ya mapema, nafasi ya kusikilizwa na ushahidi utakaotegemewa. Kifungu cha 6 cha sheria hiyohiyo ndicho ninachokipenda: asiyetoa sababu za uamuzi wake, uamuzi huo utachukuliwa kortini kuwa haukuwa na sababu nzuri mpaka athibitishe vingine. Kwa shule za msingi na sekondari, kifungu cha 35 cha Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 kinataka hatua nyingine zote za kurekebisha ziwe zimekwisha, na mtoto na mzazi wawe wamesikilizwa, kabla ya kufukuza. Nilitaja vifungu hivyo kwa nambari, bila kutisha mtu.

Peleka nakala mbili. Moja wanabaki nayo, ya pili igongwe muhuri wa kupokea na tarehe, urudi nayo. Karani wa shule alikataa kugonga, akasema mwalimu mkuu hayupo. Sikubishana naye, ni mama anayelinda kazi yake. Nilienda Posta nikaituma kwa rejista, shilingi mia na kitu, na risiti ile ikafanya kazi ya muhuri. Mstari wa mwisho uliandikwa "Nakala kwa: Mkurugenzi wa Elimu wa Kaunti Ndogo", na nakala yake nikaipeleka mwenyewe. Simu ya shule ilikuja siku ya pili, saa moja asubuhi.

Kuna waliosema mtafutie shule nyingine. Usikimbilie. Uhamisho wakati huo ulitaka shule ya kwanza imwachilie mtoto kwenye NEMIS, mfumo wa kompyuta wa Wizara ya Elimu wa kusajili wanafunzi, na cheti cha kuacha shule kina nafasi ya kuandika tabia yake. Ukisaini uhamisho kesi ikiwa mbichi, "uchochezi" unasafiri naye. Wakili mmoja mjini alitaka elfu hamsini kabla ya kufungua faili. Sikumhitaji wakati huo, na mahakama yenyewe hutaka kwanza upitie njia za ndani: bodi ya shule, kisha Bodi ya Elimu ya Kaunti, kisha baraza la rufaa za elimu lililowekwa na kifungu cha 93 cha Sheria ya Elimu ya Msingi. Gharama yangu yote, nauli na fotokopi na Posta, haikufika elfu nne.

Siku ya kamati niliomba jambo moja kabla hatujakaa. Mwanabodi mmoja alikuwa pia kwenye kamati ya hazina ya eneo bunge, hiyohiyo iliyonunua basi. Nikasema kwa adabu, "Mzee, kwa heshima yako, jambo hili linagusa kazi yako ile nyingine, naomba usiamue hili, na ombi langu liandikwe kwenye kumbukumbu." Kuandikwa ndiko kulikofanya kazi. Alitoka mwenyewe.

Halafu tukaomba daftari la mahudhurio la siku ya mdahalo na kesho yake, la masomo ya mchana na ya jioni. Wanafunzi wote walikuwa darasani. Hakuna dirisha lililovunjika, hakuna sahani iliyotupwa. Kifungu cha 33 cha Katiba kinalinda uhuru wa kujieleza na kinaondoa, pamoja na matamshi ya chuki na propaganda za vita, uchochezi wa ghasia. Wa ghasia, nilisoma mara mbili. Nikakumbusha pia kwamba mwaka 2013 Mahakama Kuu iliruhusu mchezo wa kuigiza wa Shule ya Wasichana ya Butere uliokuwa umepigwa marufuku kwenye tamasha ya kitaifa kwa sababu ya siasa zake. Mwezi mmoja baada ya kikao chetu, Aprili 2025, wasichana wa shule hiyohiyo walirudi nyumbani bila kuigiza mchezo mwingine, licha ya amri ya mahakama, na polisi wakarusha vitoa machozi Nakuru. Amri ya korti peke yake haitoshi. Ndiyo maana nasisitiza kumalizia mambo shuleni, kwa karatasi.

Jaribu kubwa lilikuwa kubishana kama basi ni la mbunge au la umma. Mwanabodi mmoja alituvuta huko kwa nusu saa. Mtoto nilikuwa nimemzoesha jibu moja: "Mwalimu, naweza kuwa nimekosea, lakini hiyo ndiyo ilikuwa hoja yangu katika mdahalo." Akalirudia mara nne, kwa sauti ileile. Na kwenye kundi la WhatsApp la wazazi sikuandika neno, maana "kuharibu jina la shule" ni kosa jingine wanaloweza kukuongezea.

Barua ya kumrudisha ilikuja baada ya siku tatu. Ya kwanza ilisema "kwa sharti asishiriki mdahalo tena". Niliirudisha, nikaomba sharti liondolewe au litajwe kanuni yake. Likaondolewa. Mitihani ya kati ya muhula aliyoikosa tulidai aifanye, kwa maana alama sifuri nazo ni adhabu, na akaifanya Jumamosi mbili mfululizo.

Wiki iliyofuata nilienda kuangalia faili lake. Karatasi ya fulskepu ilikuwa bado ndani, juu kabisa. Nilitoa barua yetu ya kubatilisha kutoka chini ya faili, nikamwomba karani stepla, nikazibana pamoja mbele yake.