Gololi ya Kijani

"Kaa chini, usitupotezee wakati." Maneno yangu hayo, ya Jumanne, kidato cha pili. Leo Ijumaa usiku bado yamenikaa kooni kama mwiba wa changu.

Nilimwambia mwanafunzi wangu mmoja. Alikuja na kopo la mtindi lenye maji ya bahari, ndani mna kitu kama gololi, kijani, kinang'aa. Mama yake alikibandua jiweni karibu na shamba lake la mwani, maji yalipotoka.

"Mwalimu, hii ni seli moja."

"Kakwambia nani?"

"Kaka. Kaona kwenye simu."

Nikacheka. Darasa likacheka kwa sababu mimi nimecheka, na hapo ndipo panaponiuma. Ubaoni nilikuwa nimeandika kwa mkono wangu: seli haionekani bila hadubini. Akafunika kopo lake taratibu, kwa viganja vyote viwili.

Harusi ya mdogo wangu imepita, na watu wananiuliza mbona kwenye picha zote nimenuna.

Jana nimesoma mpaka bando likakata. Gololi ile ni aina ya mwani, *Valonia ventricosa*. Ni seli moja kweli, yenye viini vingi, na kubwa zake hufika hata sentimita 5. Ukiitoboa, vipande vya ute wake hujiviringa, vikajifunga, na kila kimoja chaweza kukua kuwa gololi nyingine. Na mimi nimesomesha baiolojia miaka yote hii!

Ndipo nikamkumbuka popo pua-nguruwe wa Thailand na Myanmar, niliyewasimulia watoto hao hao mwaka jana. Kiwiliwili sentimita 3 hivi, uzito gramu 2. Ana moyo, ini, mifupa, na ananyonyesha. Nikachukua rula, nikachora duara la sentimita 5, nikamchora popo katikati. Akaenea, na nafasi ikabaki. (Mbawa amezikunja, akizitanua hiyo hesabu nyingine.) Mnyama mzima, na mapafu yake, ndani ya upana wa seli moja! Nikacheka peke yangu saa sita usiku, cheko la aina nyingine kabisa.

Jumatatu nitalichora ubaoni. Kopo nimwombe alilete tena, kama hajalimwaga. Na radhi nitamwomba mbele ya wenzake, maana huko huko ndiko nilikomcheka.