Malindi hadi Mokowe: kutafuta kiwanja cha mahabusu ya watoto

Basi la Lamu likishavuka daraja la Sabaki, Malindi iko nyuma na hesabu imeanza. Mpaka jeti ya Mokowe, pa kupandia boti za kisiwa cha Lamu, ni zaidi ya kilomita 200. Mvulana wa Lamu aliyewekwa mahabusu ya watoto ya Likoni, Mombasa, au aliyepelekwa Borstal (chuo cha kurekebisha vijana waliohukumiwa) ya Shimo la Tewa, hupitishwa njia hii, na mzazi akitaka kumwona huifuata kwa nauli yake. Kwa hiyo tulikagua viwanja kwa masharti mawili: mahakama iwe karibu, na mzazi wa Lamu aweze kwenda na kurudi siku moja.

Vitanda navyo viwe vichache. Ibara ya 53 ya Katiba inataka mtoto azuiliwe pale tu njia nyingine zimeshindikana, kwa muda mfupi, mbali na watu wazima. Sheria ya Watoto ya 2022 imepandisha umri wa kuwajibika kwa jinai kutoka miaka 8 hadi 12. Ukijenga vitanda 100, vitajazwa hata na wale ambao afisa wa uangalizi (probation) angetosha. Tulipanga 24, wasichana na wavulana mabawa mbalimbali.

Ukipinda Minjila kuelekea Gamba, ardhi ni tele na tambarare, na kwenye ramani inavutia. Shuka uishike: udongo mweusi wa mfinyanzi, unaovimba masika na kupasuka kiangazi, na ukuta hupasuka nao. Tena mto Tana ukifurika, barabara hukatika Lango la Simba, kama mwishoni mwa 2023. Hapo mtoto hafiki kortini, kesi inaahirishwa, naye anakaa ndani kwa kosa la mvua.

Hindi kuna gereza la watu wazima, na mwenye kubana bajeti atataka ubavuni mwake: maji yapo, jiko lipo, askari wapo. Tulipaacha. Geti moja, jiko moja na lori moja la kortini huvunja utengano, ukuta uwe mrefu vipi.

Kikabaki kiwanja cha Mokowe. Hapa sululu ikishapita mchanga hugonga mwamba wa matumbawe. Mwamba huo una matundu, na maji machafu hupenya bila kuchujika. Kipimo kilichozoeleka cha mita 30 kati ya choo na kisima hapa hakitoshi, basi tukachora tangi la majitaka lililopigwa plasta ndani, la kunyonywa na gari. Maji safi: watu 30, watoto na wafanyakazi, kwa lita 50 kila mmoja ni lita 1,500 kwa siku. Paa la mita za mraba 400, mvua ikiwa milimita 900 kwa mwaka na moja ya tano ikapotea, hukusanya lita 288,000, nusu ya mahitaji na kidogo juu. Iliyobaki itoke bombani. Kisima cha pwani kikivutwa kupita kiasi huingia chumvi.

Vyumba ni vya watoto wawili, mita 3 kwa 4. Mlango ufunguke kuelekea nje, vinginevyo kitanda kimoja kinatosha kuuzuia usifunguke moto ukizuka. Chumba cha kumfungia mtoto peke yake kama adhabu hakimo mchoroni, maana kanuni za Umoja wa Mataifa za 1990 zinakikataza. Mchanga wa ujenzi usitoke ufuoni, maana chumvi yake hula chuma: karibu na jeti kuna nguzo ambayo nondo yake imevimba kwa kutu hadi zege limebanduka, vipande vya unene wa kidole.

Kwenda mahakama ya Lamu ni kwa boti. Kila mtoto avae jaketi la kuokolea, na pingu zifunguliwe kabla ya kupanda, kwa kuwa aliyefungwa mikono haogelei. Mjini utaipita Ngome, iliyokuwa gereza kuanzia 1910 hadi 1984, na lazima atokee wa kusema kuta zile nene zingefaa. Nene ndiyo, lakini gari la zimamoto si rahisi kufika hapo. Kortini tuliomba jambo moja: kesi za watoto zisikizwe asubuhi, siku moja ya juma, ili boti moja na afisa mmoja watoshe.