Jinsi nilivyowaondolea wanafunzi imani kwamba balbu hula mkondo wa umeme

Kwa mihula miwili niliwafundisha wanafunzi wa fizikia wa mwaka wa kwanza sakiti za umeme kwa programu ya uigaji ya PhET, mradi ulioanzishwa mwaka 2002 na Carl Wieman katika Chuo Kikuu cha Colorado Boulder, lakini wengi waliendelea kuamini kwamba balbu ya kwanza hula sehemu ya mkondo na kuiachia ya pili masalio. Kosa lilikuwa langu, kwa kuwa niliwaachia programu bila swali la kujibu.

Sasa, kabla ya mtu yeyote kugusa kompyuta, kila mmoja huandika utabiri wake na kuutetea mbele ya mwenzake. Ndipo huunganisha betri ya volti 9 na balbu mbili za omu 10 kwa mfululizo, yaani moja baada ya nyingine kwenye njia moja, na kupima mkondo kabla ya balbu ya kwanza, katikati, na baada ya balbu ya pili. Ammita husoma ampea 0.45 mahali pote patatu, na darasa hunyamaza. Ukimya huo nauthamini kuliko maelezo yangu yote ya ubaoni. Balbu zikiwekwa sambamba, yaani kila moja kwenye njia yake, kila moja hupitisha ampea 0.9 na betri hutoa 1.8, hivyo wanagundua wenyewe kwamba betri haitoi mkondo usiobadilika.

Tatizo la intaneti nililimaliza kwa kupakua faili mapema na kuzigawa kwa flashi. Maabara sikuiacha: wiki inayofuata wanarudia vipimo kwa balbu halisi, ambazo ukinzani wake, yaani kiasi zinavyozuia mkondo (hupimwa kwa omu), hupanda waya wa ndani unapopata moto, na tofauti hiyo huijadili kwa ari kubwa.