Mkono hauna risiti

Tanga, Jumamosi Novemba 16, 2024

Nimeoga lakini bado nanuka petroli. Nimenawa kwa Omo na mchanga, afu ndimu, afu Omo tena, na bado nikishika chapati inabaki alama ya dole gumba kama vile nimeidhamini mkopo. Mama watoto ashazoea, mtoto ndo ananicheka, ati baba chapati yako ina mchoro.

Leo nimeudhika kwa ajili ya elfu mbili na najua nikisema hivo kuna watu watacheka, ila ngoja niandike tu maana toka saa nane mchana inanizunguka kichwani.

Kaja mama mmoja na baiskeli ya mumewe, Phoenix, tairi la nyuma limekwisha limebaki waya, na ringi inacheza vibaya sana, ukiizungusha inagusa fremu huku inakwenda kugusa na kule. Tairi kanunua dukani kwa tajiri, yule mwenye duka ambaye mi nafanya ufundi barazani kwake, elfu kumi na tano, kalipa bila hata kuuliza inapungua ngapi, kapewa na risiti. Mi nikaanza kazi. Sasa ringi ya nyuma ya Phoenix ina spoku 40 (ya mbele 32, wengi hawajui hili wananunua spoku pungufu wanarudi wanalaumu duka), na hapa kwetu Tanga kuna upepo wa bahari, vile vinati vya kwenye spoku vinaganda kwa kutu vinakuwa kitu kimoja na ringi. Ukilazimisha spoku inakatika. Kwa io unadondoshea mafuta kimoja kimoja, unasubiri, unagongagonga kidogo, ndo unaanza. Natumia chaki, naishikilia karibu na ringi nazungusha, panapochafuka chaki ndo pamevimba, nalegeza spoku za upande huo nakaza za upande wa pili, robo mzunguko, sio zaidi, ukizidisha umeharibu pengine. Mwisho nazigusa moja moja kwa kucha nasikiliza, ile iliyolegea inalia chini, naitafuta mpaka zikaribiane sauti kama mpiga udi anavyotafuta nyuzi kabla ya harusi. Dakika hamsini hapo nimechuchumaa.

Namaliza, inazunguka imetulia kabisa, namwambia mama ni elfu mbili. Akanishangaa. "Elfu mbili ya nini fundi? Mbona hujaweka kitu?"

Hujaweka kitu. Basi. Nilicheka kwanza, afu nikakosa la kusema, akatoa elfu moja akasema nyingine ntakupa siku nyingine inshallah, akaondoka na ringi yangu imenyooka kama sinia.

Na simlaumu sana, kwa sababu ndo tulivyowazoesha watu. Kitu kina bei, mkono hauna. Tairi linaonekana, tyubu inaonekana, ila ule ujuzi wa kujua spoku ipi ulegeze ipi ukaze hauna pa kuushika ukauweka kwenye mfuko wa rambo. "Nikazie tu hapo fundi", "nipigie tu upepo", "niangalie tu hii breki", hizo "tu" zote ukizijumlisha kwa siku ni masaa mawili ya bure, sitanii nimepima.

Eeh nimepima. Mwezi wa kumi wote niliandika kwenye daftari, kila kazi, muda na hela, tena kwa sababu ya ubishi tu na mwenzangu aliyehamia kwenye pikipiki, alisema we unajidanganya tu unasema unaishi, hebu andika uone. Nikaandika. Siku 26 za kazi, Jumapili tunafunga na siku ya Nyerere tulifunga. Saa moja asubuhi nipo barazani, naondoka saa kumi na mbili jioni, kwa io masaa kumi na moja kila siku, jumla 286. Pesa ya ufundi iliyoingia 368,500. Nusu ya tajiri nusu yangu, ndo makubaliano toka siku ya kwanza, kwa io yangu 184,250. Spana zangu, bisibisi zangu, solusheni ya pancha nanunua mwenyewe, pampu na baraza vya kwake. Chakula cha mchana juu yangu.

Nilipopata ile 184,250 kwanza nilifurahi. Kweli. Kwa sababu kima cha chini cha sekta ya biashara na viwanda kilichoanza Januari 2023 kilikuwa 150,000 kwa mwezi (kabla ya hapo kilikuwa 115,000 toka 2013, miaka kumi kasoro!), nikaona kumbe mi nimevuka, mi ni mtu mkubwa. Ikabidi mpwa wangu anayesoma sheria aje aniharibie furaha. Mjomba, akasema, ile 150,000 ni ya masaa 45 kwa wiki, gawanya uone. Tukagawanya kwenye simu. Yao inatoka kama 769 kwa saa, yangu 644. Na masaa yanayozidi sheria inataka ulipwe moja na nusu, kwa io kwa masaa yangu mimi ilitakiwa nipate kama 255,000 hivi, na hapo tunaongelea kima cha chini kabisa, cha mtu ambaye hajui hata friwili inafungukia upande gani.

Nikaona bora nisingejua.

Ila nilivyo mjinga nikaenda kumwambia tajiri. Sio kwa ugomvi, nilisubiri ametoka kuswali alasiri ametulia anakunywa kahawa, nikamwamkia upya, nikaanza kwa mbali, biashara vipi, mzigo wa Japan umefika, mpaka nikaingia. Akanisikiliza vizuri tu. Afu akasema kwa upole kabisa, "Mwanangu, we si mwajiriwa wangu. We ni fundi wangu." Akaniagizia na mi kahawa.

Nimelifikiria lile neno wiki mbili. Fundi wangu. Nikichelewa saa moja ananipigia simu. Nikitaka kwenda msibani naomba ruhusa. Bei za kazi kapanga yeye, zimebandikwa ukutani. Mteja akija na tairi alilonunua duka jingine siruhusiwi kulifunga mpaka niulize. Ila mwajiriwa mi sio, mi ni wake tu, kama paka wa dukani.

Mpwa wangu anasema Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004 kifungu cha 61 ina dawa ya hilo, inasema kama mtu anakupangia kazi, au anakupangia masaa, au unamtegemea yeye kiuchumi, au umemfanyia kazi wastani wa masaa 45 kwa mwezi kwa miezi mitatu, basi lolote kati ya hayo likiwepo unahesabiwa mwajiriwa mpaka yeye athibitishe vingine. Masaa 45 kwa mwezi! Mi hayo nayamaliza Ijumaa asubuhi ya wiki ya kwanza. Nenda CMA mjomba, ile tume ya usuluhishi wa migogoro ya kazi, wanasuluhisha, sio lazima mfike mahakamani. Kwenye karatasi yake ni rahisi. Mtoto hajui kwamba tajiri ndo alinikopesha hela ya kumlipia mama yangu hospitali, na binti yake na mke wangu wako kikoba kimoja, na nikitoka pale barazani hiyo nafasi inajazwa kabla kivuli changu hakijatoka. Kumshtaki mtu anayekuagizia kahawa, we jaribu.

Lakini pia Machi nilibanwa kidole. Hii sikuwahi kuiandika. Nilikuwa nazungusha pedeli kwa mkono nasikiliza cheni, mkono wa pili ukawa karibu sana, meno yakakivuta kidole cha pete kikapita chini ya cheni. Kucha ilitoka nzima. Hospitali nililipa mwenyewe 35,000 na siku nne sikufanya kazi, na siku usiyofanya kazi nusu kwa nusu ya sifuri ni sifuri. Tajiri alikuja nyumbani kunipa pole na machungwa. Kama ningekuwa nimeandikishwa kama mwajiriwa kuna ule mfuko wa fidia kwa wafanyakazi, WCF, ila ndo hivo, fundi wake, sio mwajiriwa wake. Machungwa yalikuwa matamu lakini, ya Muheza.

Kinachonikera zaidi ni kwamba kazi inazidi kuwa ngumu na bei iko palepale. Zamani ukijua Phoenix na Avon umemaliza, gololi tisa kila upande habu (kile kitovu cha gurudumu) ya nyuma, kumi kila upande ya mbele, zile ndogo, grisi, funga, kwaheri. Saivi inaletwa mitumba ya Kijapani, ina gia tatu ndani ya habu, ina dinamo ndani ya gurudumu la mbele, nyingine haina cheni ina mkanda. Hakuna aliyetufundisha. Nexus ya kwanza, ndo hiyo habu ya gia, niliifungua juu ya gazeti, napanga kila kitu kwa mstari nilivyokitoa nakipiga picha kwa simu, ilinichukua siku mbili, na mteja alilipa 3,000 kwa sababu ukutani imeandikwa "sevisi habu 3,000". Mwenzangu kwenye pikipiki anamwaga oili anaweka oili, dakika kumi, watu wanampa bila kelele, kwa sababu ile inatia hela bwana, baiskeli ni ya kwendea sokoni. Ufundi wetu unalipwa kwa bei ya chombo, sio kwa ugumu wa kazi. Na mi pikipiki sizitaki, sizipendi, ndo shida yangu.

Haya, na hili niliandike maana nikilala nalo litanikaba. Nina kijana, ana miaka kumi na nane, yuko na mi toka mwezi wa tano. Nampa chai na maandazi mawili asubuhi na nusu ya ugali wangu mchana, ndo kawaida, na mi nilikaa hivohivo miaka miwili kwa fundi wangu Ngamiani, hakunipa hata senti. Leo yule mama alivyoondoka nikawa nalalamika kwa sauti, hujaweka kitu, hujaweka kitu, yule dogo ananiangalia tu huku anaziba pancha. Jioni nafungua daftari niandike, pancha za wiki hii kumi na moja, elfu moja moja. Nikaanza kukumbuka ipi niliziba mimi. Saba ni zake.

Nikamwita nikampa elfu mbili. Akaipokea kwa mikono miwili, akaiangalia, akauliza, "Fundi, hii ya leo au ya wiki nzima?"

Nikamwambia aingize baiskeli ndani, mvua inakuja.