Ruzuku ya pauni 7,500 ya hiti pampu: wanaangalia nyumba yako, sio mshahara wako

Wifi yangu yuko Reading, huku Uingereza, boila (ule mtambo wa kupasha nyumba joto) limemfia juzi, na kitu cha kwanza alichoniambia kwenye simu ni "mimi hiyo ruzuku siombi, nina viza, sitaki kesho kutwa niulizwe na Home Office", yaani wizara inayosimamia viza. Sasa huyu ni mtu wa tano au wa sita namsikia anasema hivo, na wote ni watu wanaofanya kazi, wanalipa mogeji (mkopo wa nyumba) kila mwezi, nyumba ni zao kabisa, alafu wanaacha mezani pauni 7,500 za serikali za kutoa boila na kuweka hiti pampu, yaani pampu ya umeme inayovuta joto la nje na kulileta ndani, kwa sababu ya hofu tu. Imeniuma, ndo maana naandika leo usiku watoto wakiwa wamelala.

Naanza na hiyo hofu maana ndo inayozuia wengi. Yale maneno kwenye viza kwamba huruhusiwi kugusa fedha za umma yana maana yake kisheria, sio kila hela inayotoka serikalini. Kuna orodha imeandikwa, humo utakuta Universal Credit, Child Benefit, Housing Benefit na wenzake, misaada ya kujikimu. Ruzuku ya kubadilisha boila haimo kwenye hiyo orodha. Kama bado roho haijatulia muulize mwanasheria wako wa uhamiaji swali hilo moja, atakujibu, lakini usikae na jibu la kuambiwa msibani au kwenye grupu la WhatsApp.

Haya, yenyewe inaitwa Boiler Upgrade Scheme. Ni ya England na Wales, ilianza 2022 kwa pauni 5,000 kwa pampu inayovuta joto la hewa, ikaja kupandishwa Oktoba 2023 ikawa 7,500. Wanaoiendesha ni Ofgem, mamlaka ya gesi na umeme. Walioko Scotland wana ya kwao kupitia Home Energy Scotland, ruzuku 7,500 na juu yake unaweza kukopa bila riba, ila hiyo njia yake ni nyingine sitaizungumzia hapa maana sijaipita mwenyewe.

Hawakuulizi mshahara, hawakuulizi una watoto wangapi wala kama unapokea benefiti. Wanaangalia nyumba, wanaangalia kilichopo sasaivi kinachoipasha joto, na wanamwangalia fundi. Basi.

Na hela yenyewe huishiki. Hapa watu wengi wanachanganyikiwa, wanatafuta fomu ya kujaza hawaioni wanaona kama wamefichwa. Fomu anajaza fundi. Kwa walioko nyumbani Tanzania fikirieni mbolea ya ruzuku, mkulima hapewi noti mkononi, anaenda kwa wakala anakuta mfuko bei imeshuka, serikali na wakala wanamalizana wenyewe huko. Na huku ni hivohivo, kwenye makadirio ya fundi unaona bei kamili, chini yake imeandikwa toa 7,500, kinachobaki ndo chako. VAT nayo ni sifuri kwa hizi pampu mpaka Machi 2027.

Sisi yetu ilianza Januari 2024. Tuko Coventry, semi (nyumba iliyoshikana na ya jirani upande mmoja) ya miaka ya 1930, boila la gesi la zamani likaanza kuzima usiku, unaamka saa kumi alfajiri chumba cha watoto ni friji. Fundi wa gesi akabadilisha feni pauni 280 akasema hii itakuvusha msimu huu tu, jipya ni 2,600. Mume wangu alikuwa tayari kulipa. Mimi dada mmoja wa kazini akaniambia subiri kwanza, ulizia hiti pampu, yeye mama yake aliwekewa. Tukasubiri mpaka kiangazi kwa kuomba Mungu na hita mbili za umeme.

Tulipoanza kuulizia, kizuizi cha kwanza kikawa karatasi. Nyumba lazima iwe na EPC, kile cheti cha nishati, na kisizidi miaka 10. Sisi tulinunua nyumba 2013, cheti ni cha 2013, kwa hiyo kilikuwa kimekufa miezi michache tu nyuma na hatuna habari. Ingia gov.uk, tovuti ya serikali, andika posikodi yako utaona cha kwako kinaisha lini, dakika mbili haziishi. Cha kwetu kipya tulilipa pauni 75, mama mmoja akaja na kipimo cha leza akazunguka nyumba nzima, akapanda darini, akaondoka. Zamani ilikuwa cheti kikipendekeza uweke sufi ya kuzuia joto, ya darini au ya ndani ya ukuta, usipoiweka basi ruzuku hupati, wakaliondoa hilo Mei 2024, sisi tuliomba Juni kwa hiyo halikutugusa. Lakini darini tuliweka tu, mume wangu na shemeji zangu wikiendi mbili, tukafikisha milimita 270 inavyoshauriwa, na nawaambia msiruke hii hata kama hamlazimishwi. Nyumba inayovuja joto pampu yake itabidi iwe kubwa na bili itakuwa kubwa, ni sawa na kuteka maji kwa ndoo iliyotoboka.

Masharti mengine niyaseme harakaharaka. Nyumba iwe yako, au wewe ndo mwenye nyumba unayepangisha, mpangaji hawezi kuomba mwenyewe ila anaweza kumshawishi mwenye nyumba. Nyumba ya kaunsili (halmashauri) au ya hausingi asosiesheni (shirika la nyumba za bei nafuu) haipo kwenye mpango huu. Nyumba mpya iliyotoka kujengwa na kampuni haipo, labda uwe umejijengea. Kilichopo kiwe ni boila la gesi au la mafuta au hita za umeme za kawaida, na pampu ichukue kazi yote, joto la nyumba na maji ya kuoga, usiache boila pembeni eti la akiba, hiyo hawalipi. Kama mlishawahi kuchukua ruzuku ya hiti pampu kwa nyumba hiyohiyo hampati tena.

Sasa fundi. Jamani hapa ndo penye kila kitu, maana yeye ndo mwombaji, yeye ndo mpimaji, yeye ndo atakayeamua kama mtapata baridi au mtapata raha. Lazima awe amesajiliwa MCS, mpango unaothibitisha mafundi wa kazi hizi, kama hayumo hakuna ruzuku hata afanye kazi nzuri namna gani, na jina lake unalitafuta mwenyewe kwenye tovuti ya MCS, usiridhike na nembo iliyobandikwa kwenye gari. Kwetu alikuja kijana mmoja anagonga mlango, suti safi, anasema serikali inatoa bure kabisa, leo ni siku ya mwisho, tumlipe 250 ya kushika nafasi. Nikamwambia niachie jina la kampuni nikaangalie, akaanza kupandisha sauti, nikafunga mlango. Jina alilolitaja hatukulikuta popote. Mama mmoja mtu mzima mtaa wa pili alimpa ile hela na mpaka leo hajamwona, na mimi kila nikipita pale roho inaniuma kwamba sikuenda kumwambia siku ileile.

Tulichukua makadirio matatu. La kwanza jamaa hakuja hata, aliuliza kwenye simu nyumba ina vyumba vingapi vya kulala akatuma bei. La pili alikuja nusu saa. Wa tatu alikaa masaa matatu, chumba kwa chumba, anapima madirisha, anagonga ukuta, anapima urefu wa kila redieta (vile vyuma vya ukutani vyenye maji ya moto vinavyopasha chumba), alafu akatutumia karatasi inayoonyesha kila chumba kinapoteza wati ngapi nje kukiwa nyuzi -3. Bei yake ilikuwa 13,100, haikuwa ya chini, lakini tukamchukua huyo, ukitoa ruzuku tukabakiwa na 5,600 za kulipa. Mume wangu alinung'unika kidogo juu ya tofauti ya hela, ila ile karatasi ndo iliyomshawishi, ni mhasibu yeye, akiona hesabu imekaa vizuri anatulia.

Kwa nini kupima kote huko? Kwa sababu ya namna hii pampu inavyofanya kazi. Watu wananiuliza joto linatoka wapi wakati nje kuna barafu. Shika nyuma ya friji lako, si kuna joto? Hilo joto limetolewa kwenye chakula kilichoko ndani. Pampu inafanya kazi hiyohiyo, ila inalitoa kwenye hewa ya nje inalileta ndani. Ya kwetu ndani yake kuna propeni inayochemka kwenye nyuzi -42, kwa hiyo hata hewa ya nyuzi -5 kwake ni moto, inachemka inakuwa mvuke, alafu kompresa inaukandamiza ule mvuke, na aliyewahi kujaza upepo tairi la baiskeli kwa pampu ya mkono anajua ukikandamiza kitu kinapata moto. Ndo huo moto unaingia kwenye maji ya redieta. Umeme unatumika kuhamisha joto tu sio kulitengeneza, kwa hiyo uniti moja ya umeme inakuletea uniti kama tatu za joto. Lakini maji yake ni ya nyuzi 40 na kitu mpaka 50, sio 70 kama ya boila, kwa hiyo redieta zinatakiwa ziwe kubwa zaidi, na ukikosea ukubwa chumba hakipati joto hata iwake siku nzima. Wale mnaosikia wanasema "hiti pampu haifai, nilikufa na baridi", waulizeni walipimiwa vipi.

Baada ya kusaini, fundi akatuma maombi Ofgem, na Ofgem wanakutumia wewe imeili kuthibitisha kwamba kweli umemruhusu huyo fundi. Ya kwetu iliingia kwenye spamu. Siku sita imekaa huko, mpaka fundi akapiga simu kuuliza mbona kimya. Chungulieni spamu kila siku wiki hiyo. Ukishathibitisha na wakiridhika inatoka vocha, inadumu miezi mitatu kwa pampu ya hewa, kazi ifungwe humohumo.

Kazi yenyewe siku nne. Redieta tano zikabadilishwa kati ya tisa, na silinda la maji ya moto likaingia kwenye kabati la juu nilikokuwa naweka mablanketi ya wageni, maana boila la kombi kama letu, linalochemsha maji papo hapo, halina silinda na pampu lazima iwe nalo, hili fundi awaambie mapema mjipange na nafasi. Pampu ikakaa nyuma ya nyumba, pembeni haikuwezekana kwa sababu wakati ule ilitakiwa iwe mita moja kutoka mpaka wa jirani la sivyo uombe kibali. Sharti hilo England wameliondoa Mei 2025, kelele tu bado inapimwa. Jirani yetu alikuja mwenyewe siku ya kuwashwa akasimama pale akasema haizidi friji lake.

Jikoni je? Jiko la gesi halihusiani na ruzuku, unaweza kulibakisha. Lakini ukilibakisha unaendelea kulipa ile hela ya kila siku ya kuwa na mita ya gesi, kama peni 31 kwa siku wakati ule, kwa mwaka inapita pauni 100 kwa ajili ya kupikia tu. Tukakata gesi tukaweka indaksheni, jiko la umeme linalopasha sufuria kwa sumaku. Na hapa nilipata uchungu kidogo, sufuria zangu zote za alumini, pamoja na lile kubwa la pilau alilonipa mama nikitoka Tanga, indaksheni haizitambui. Inataka chuma. Kikaango cha chapati kilikubali, ni cha chuma kizito, chapati zinatoka vizuri sana. Sufuria la mama nimelihifadhi, siku za shughuli natoka nalo nje kwenye mkaa.

Bili sasa, na hapa nataka niwe mkweli maana wauzaji hawasemi. Novemba mpaka mwisho wa Machi pampu ilitumia uniti 2,700 ikatoa joto la uniti 8,600. Umeme kwa bei ya kawaida ulikuwa karibu peni 24 na nusu, gesi peni 6 na kitu. Pigeni hesabu, kwa bei hiyo ya kawaida ungelipa zaidi kidogo kuliko gesi. Kilichotuokoa ni mambo mawili, kukata mita ya gesi, na kuhamia kwenye tarifu (mpango wa bei ya umeme) ya watu wenye hiti pampu, ambayo kuna masaa fulani umeme unakuwa rahisi, tunachemsha silinda na kupasha nyumba masaa hayo. Tumetoka tumelipa pungufu kidogo kuliko msimu wa gesi, na nyumba ina nyuzi 20 usiku na mchana, sio ile ya kuwasha masaa mawili unazima kwa kuogopa bili. Kijana wangu wa pili ana pumu, kifua chake msimu ule kilitulia. Mimi hilo tu lingenitosha.

Nimemtumia wifi haya yote kwa vois noti tatu ndefu. Akaangalia cheti chake cha EPC tukiwa bado tunaongea, ni cha 2019, kiko hai. Fundi wa MCS wa kwanza anakuja Alhamisi kupima, na nimemwambia akimwona anauliza idadi ya vyumba tu bila kutoa futi kamba mfukoni, amshukuru na amwite mwingine.